Mota ya Hita katika Gari Kuukuu: Somo la Mkondo wa Umeme na Msuguano

Wanafunzi wa kidato cha nne huifahamu mota ya umeme kwa njia ya mchoro: sumaku mbili, pindi la waya katikati, mishale ya mkondo, na kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming pembeni. Mchoro huo ni sahihi, ila una upungufu mmoja: mota iliyomo ndani yake haichakai. Katika makala haya tutaitazama mota iliyochakaa, yaani ile mota ndogo inayopuliza hewa ya hita katika gari la abiria lililokwisha kula miaka mingi barabarani. Mfano wetu utakuwa gari aina ya Toyota HiAce, ambalo watu wengi wa Tanzania huliita Haisi. Magari hayo, yaliyotumika kwanza Japani, yamesambaa katika nchi zetu. Na kwa kuwa Japani ina majira ya theluji, hita ni kitu cha kawaida ndani yake.

Mota hiyo ni kitu kidogo kinachoenea katika viganja viwili. Hata hivyo ikichakaa huleta hatari mbili zisizo ndogo. Ya kwanza ni kioo cha mbele kufunikwa na ukungu gari likiwa katika mwendo. Ya pili ni moto nyuma ya dashibodi. Hatari hii ya pili mara nyingi haitokani na mota peke yake, bali na mkono wa mtu aliyeamua kuilazimisha ifanye kazi bila kuuliza kwa nini imekataa.

UKUNGU WA KIOO

Msomaji aliye Tanga au Mombasa huenda akauliza: hita ya nini? Mota hiyohiyo ndiyo inayosukuma hewa ya nje kuingia garini wakati wa joto, na katika gari lenye kiyoyozi ndiyo inayosukuma hewa iliyopozwa. Kwa hiyo hata pwani ina kazi yake. Lakini umuhimu wake hasa huonekana katika nchi za juu: Njombe, Makete na Mbeya, au kwa jirani zetu wa Kenya, Limuru na Nyahururu, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi huuma.

Tuchukue gari lenye abiria 14 linaloondoka alfajiri. Madirisha yamefungwa, nje kuna manyunyu, na hewa ina nyuzi 10 za Sentigredi. Mtu mzima aliyeketi hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi yake, kama gramu 40 za mvuke wa maji kila saa. Abiria hao pamoja na dereva wao watatoa kama gramu 600 kwa saa, yaani zaidi ya nusu lita ya maji. Nafasi ya hewa ndani ya gari tuikadirie kuwa mita 6 za ujazo. Sasa, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Yenye nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9.4. Hewa yote ya gari letu, ikiwa na nyuzi 20, itashiba kwa gramu mia moja na kidogo. Abiria wetu hutoa kiasi hicho kwa dakika 10 tu.

Na kioo cha mbele hakisubiri hata hizo dakika 10. Chenyewe kina baridi ya nje, na hewa inayokigusa hupoa mara moja. Mvuke wowote unaozidi zile gramu 9.4 hurudi kuwa maji juu yake. Dereva hufuta kwa kitambaa, na baada ya dakika moja ukungu umerudi, kwa sababu kitambaa huondoa maji ya kiooni lakini hakiondoi mvuke wa hewani.

Dawa yake ni hewa yenye kiu. Hewa ya nje, hata iwe imeshiba kabisa kwa nyuzi 10, ikipashwa mpaka nyuzi 30 itakuwa imebeba zile gramu 9.4 mahali panapoweza kukaa gramu 30. Inakuwa imebeba chini ya theluthi moja ya uwezo wake, nayo ikipulizwa juu ya kioo huyanyonya maji yaliyopo na kukipasha kioo chenyewe. Joto la kufanyia kazi hiyo ni la bure. Maji yanayopoza injini yana nyuzi 80 hadi 90, na sehemu yake hupitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kinachotakiwa ni upepo tu, na upepo huo ndio kazi ya mota yetu. Gari lenye injini nzima na rejeta nzima, lakini lenye mota ya hita iliyokufa, linateremka milima ya Njombe likiwa nusu kipofu.

NGUVU INAYOILINDA MOTA

Mota ya hita hutumia umeme mnyoofu wa volti 12 kutoka katika betri. Ndani ya kopo lake zimo sumaku za kudumu zilizogandishwa ukutani. Katikati huzunguka amecha, yaani mhimili wenye koili za waya wa shaba. Umeme huingia katika koili hizo kupitia vipande viwili vya kaboni, viitwavyo brashi, vinavyosukumwa na springi vikaegemea komyuteta. Komyuteta ni pete ya shaba iliyokatwakatwa vipande, ambayo kazi yake ni kugeuza mwelekeo wa mkondo katika kila koili kwa wakati unaofaa, ili mzunguko usikatike. Mambo haya yamo vitabuni, nasi hatutayakawilia.

Jambo ambalo vitabu hulipitia mbio, na ambalo ndilo kiini cha somo letu, ni hili. Mota inapozunguka, waya zake hukata mistari ya uga wa sumaku. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba mwendo wa namna hiyo huzalisha umeme, na mwaka 1834 Heinrich Lenz alieleza kwamba umeme unaozalishwa hupinga daima kile kilichouzalisha. Kwa hiyo kila mota inayozunguka ni jenereta pia. Huzalisha volteji yake yenyewe, na volteji hiyo huikabili ile ya betri. Tuiite volteji pinzani. Kadiri mota inavyokwenda kasi ndivyo volteji pinzani inavyokuwa kubwa. Volteji ya betri hugawanyika mara mbili: sehemu hushindana na volteji pinzani, na sehemu iliyobaki tu ndiyo inayosukuma mkondo katika ukinzani wa waya.

Tufanye hesabu. Tuseme waya za amecha pamoja na brashi zina ukinzani wa omu 0.4, na mota nzima ikizunguka kwa mwendo wake mkubwa hutumia ampea 10. Volteji inayopotea katika waya ni 10 mara 0.4, yaani volti 4. Volti 8 zilizobaki ni volteji pinzani. Betri inatoa wati 120. Kati ya hizo wati 40 zinakuwa joto ndani ya koili, na wati 80 zinakwenda kwenye feni na katika kushinda msuguano.

Sasa tuseme msuguano umezidi mpaka mwendo umepungua kuwa nusu. Volteji pinzani itashuka kuwa volti 4. Volti 8 zitabaki za kusukuma mkondo katika omu 0.4, na mkondo utakuwa ampea 20. Joto katika koili ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: wati 160. Mwendo umekuwa nusu, mkondo umekuwa mara mbili, na joto limekuwa mara nne. Mota ikikwama kabisa, volteji pinzani itakuwa sifuri. Mkondo utapanda kuwa ampea 30, na wati zote 360 zitakuwa joto ndani ya kopo dogo lisilopata hata upepo wa kulipoza.

Mwanafunzi mwerevu atauliza hapa: feni ikienda polepole si inakuwa nyepesi? Ni kweli. Nguvu ya kuzungusha inayohitajiwa na feni hupungua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa nusu ya mwendo feni inahitaji robo tu. Kwa mota yetu, ambayo msuguano wake ulipokuwa mpya ulikuwa mdogo sana, feni sasa inastahili ampea 2.5. Ampea nyingine 17.5 zinaliwa na msuguano. Dereva anaona upepo umepungua, anadhani mota inatumia umeme kidogo. Kumbe inatumia maradufu.

KUCHAKAA KWA NAMNA MBILI

Watu husema tu kwamba mota imekufa. Lakini mota ya hita huchakaa kwa njia mbili zilizo kinyume, na ni muhimu kuzitofautisha kabla ya kushika bisibisi.

Njia ya kwanza ni ya bushi. Mhimili wa amecha huzunguka ndani ya bushi mbili, mara nyingi za bronzi. Bushi hizo hazikuyeyushwa na kumiminwa, bali zimetengenezwa kwa unga wa metali ulioshindiliwa na kuokwa, hivyo ndani yake mna vitundu vidogo mno vilivyojazwa mafuta, ambayo huweza kufikia kama moja ya tano ya ujazo wake. Bushi ikipata joto mafuta hutoka na kulainisha mhimili. Ikipoa hunywewa tena. Ni ubunifu mzuri, na katika barabara ya lami unadumu miaka mingi. Katika barabara ya vumbi haudumu hivyo. Vumbi huyanyonya mafuta, hufanya tope zito, na tope hilo huwa kama msasa. Dalili yake ni mlio mkali asubuhi ya baridi, unaopungua gari likishapata joto.

Adui mwingine wa bushi ni uchafu juu ya feni. Feni ya hita si ya mapanga matatu kama ya dari. Ni mfano wa kizimba cha mviringo chenye mapanga mengi membamba. Tuseme gramu 5 tu za tope au majani zimegandamana upande mmoja, sentimita 7 kutoka kwenye kitovu, na feni inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Mwanafunzi akokotoe: nguvu inayovuta mhimili kwenda upande huo ni karibu nyutoni 34, sawa na uzito wa kilo tatu na nusu, nayo hubadili upande mara 50 kila sekunde. Hakuna bushi inayovumilia kipigo hicho. Panya akijenga kiota katika njia ya hewa wakati gari limelala gereji, mwenye gari atalipia mota nyingine kabla ya mwaka kwisha.

Njia ya pili ni ya brashi. Hapo zamani brashi zilikuwa za waya au mabamba ya shaba, na ndiyo asili ya jina lake. Nazo zilikuwa zikiitafuna komyuteta na kutoa cheche. Mwaka 1885 Mskoti George Forbes alipata hataza ya kutumia kaboni badala yake. Kaboni ya grafiti ni laini, hujilainisha yenyewe, na hukubali kulika yenyewe ili komyuteta isilike. Katika mota za volti 12 huchanganywa na unga wa shaba ili isile volti nyingi mno. Basi brashi imekusudiwa kwisha, kama sabuni. Inapokuwa fupi springi hulegea, mgusano huwa hafifu, ukinzani huongezeka na mkondo hupungua. Mota huzunguka kivivu, hukata na kuwaka, na mara nyingine huamka dereva akigonga dashibodi kwa ngumi. Ngumi hiyo imeisogeza brashi nusu milimita, basi.

Tofauti sasa ni wazi. Bushi mbovu hupandisha mkondo. Brashi mbovu huushusha. Upepo hafifu ni mmoja kwa dereva, lakini mita ya umeme haidanganyiki.

FYUZI NA KIKINZANI

Saketi ya mota yetu ina fyuzi, tuseme ya ampea 15. Mota nzima inatumia ampea 10, kwa hiyo fyuzi imetulia. Bushi zikikauka na mkondo ukafika ampea 20, fyuzi itavumilia kwa muda kisha itayeyuka. Hapo ndipo ule mkono niliousema hujitokeza. Mtu huweka fyuzi ya ampea 30, au hukunja kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, na hita hufanya kazi tena. Kazi hiyo haikuwa ya fyuzi tangu hapo. Fyuzi ilikuwa inatoa taarifa.

Angalia mahali ambapo joto litakwenda. Plagi ya plastiki inayounganisha mota na waya za gari, ikiwa kuukuu na yenye kutu, inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.1. Kwa ampea 10 hupata wati 10 na huvumilia. Kwa ampea 20 hupata wati 40, ambazo ni kama ncha ya chuma cha kulehemu kilichoachwa ndani ya plastiki, karibu na zulia na sponji za dashibodi. Mafundi wengi wamekwisha kuziona plagi zilizoungua hivyo. Anayefunga mota mpya kwenye plagi ya namna hiyo asishangae ikirudi gereji baada ya mwezi.

Kuna mahali pengine ambapo fyuzi, hata iwe sahihi, haioni kitu. Katika magari mengi ya zamani mwendo wa feni hupunguzwa kwa vikinzani vilivyounganishwa mfululizo na mota. Kwa mota yetu, ili izunguke kwa nusu ya mwendo, inatakiwa ipate volti 5 na ampea 2.5, volti 7 zilizobaki lazima zimezwe na kikinzani cha omu 2.8. Kikinzani hicho hutoa joto la wati 17.5, na kwa ajili hiyo wabunifu wamekiweka ndani ya njia ya hewa: feni hukipoza kwa upepo wake yenyewe. Sasa mota ikwame swichi ikiwa kwenye namba ya chini. Ukinzani wote ni 2.8 na 0.4, yaani omu 3.2, mkondo ni ampea 3.75. Fyuzi ya ampea 15 haitayeyuka kamwe kwa mkondo huo. Lakini joto la kikinzani limepanda kutoka wati 17.5 hadi karibu wati 40, na upepo wa kukipoza haupo.

Ndiyo sababu vikinzani vingi vya namna hii hubeba kipande kidogo cha usalama kinachokatika kwa joto. Kikikatika, namba za chini hufa zote, na namba ya juu kabisa inabaki, kwa kuwa umeme wake haupiti kwenye kikinzani. Dalili hiyo, ya feni inayofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, ni maarufu. Fundi anayeunganisha waya mahali pa kile kipande cha usalama amefanya jambo la hatari kuliko yule wa fyuzi, kwa sababu ameondoa mlinzi wa pekee. Na anayebadilisha kikinzani bila kuipima mota atakibadilisha tena.

KUPIMA, KISHA KUBADILISHA

Fundi mwenye mita ya kubana waya inayopima mkondo mnyoofu ataubana waya wa mota, atawasha namba ya juu, na kulinganisha na fyuzi: mkondo unaokaribia kiwango cha fyuzi au kukizidi ni wa bushi mbovu au feni iliyoziba. Shule yenye mita ya kawaida ya ampea 10 isijaribu namba ya juu. Itumie namba ya chini, na mita iunganishwe mfululizo na mota. Kadhalika pima volti kwenye plagi ya mota feni ikizunguka kwa namba ya juu. Betri ikiwa na 12 na plagi ikiwa na 10, volti 2 zimepotea njiani, na kosa si la mota.

Ikithibitika kuwa ni mota, kazi yenyewe si kubwa. Hakuna haja ya kumwaga maji ya rejeta, maana mota haiko katika njia ya maji. Anza kwa kufungua waya wa hasi wa betri. Bodi ya gari imeunganishwa na hasi. Spana inayofungua chanya ikigusa bodi itaunganisha nguzo mbili za betri kwa chuma kitupu, na mkondo wa mamia ya ampea utapita. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea. Katika magari mengi yenye usukani kulia, mota hukaa chini ya dashibodi upande wa kushoto, mbele ya magoti ya abiria. Ondoa kifuniko, chomoa plagi kwa kubonyeza kishikizo chake bila kuvuta waya, kisha fungua skrubu chache zinazoshika kopo. Mara nyingi ni tatu. Mota itashuka pamoja na feni yake. Katika aina nyingi kuna mpira mwembamba unaoingiza hewa ndani ya kopo ili kuipoza mota. Mpira huo husahauliwa mno wakati wa kurudisha, na mota mpya hufia kwenye joto.

Je, inunuliwe mota nzima, au ibadilishwe brashi na bushi? Nionavyo, ikiwa komyuteta ni laini na mhimili hauchezi, kubadilisha brashi ni halali na ni nafuu. Brashi mpya ziwe za kipimo kilekile, zenye unga wa shaba, zisiwe za mota ya mashine ya kutoboa ya volti 230, ambazo ni za kaboni yenye ukinzani mkubwa. Lakini mhimili ukiwa na mikwaruzo, au komyuteta ikiwa na mfereji, usipoteze siku. Tone la mafuta mepesi ya mashine katika bushi kavu litanyamazisha mlio kwa muda, na lafaa kama safari ni ya kesho. Mafuta ya taa hayafai, kwa kuwa huosha hata yale mafuta machache yaliyobaki.

Mota iliyotumika ikinunuliwa, izungushwe kwanza kwa mkono: iende kwa wepesi na isimame polepole. Soma pia maandishi yake. Mabasi na malori mengi hutumia volti 24, na mota ya 24 ikifungwa katika gari la 12 itajikokota. Ya 12 ikifungwa kwenye 24 itaungua.

Kabla ya kurudisha, ijaribu mota juu ya betri ikiwa imeshikwa imara, nawe utazame upande inaozungukia. Mota ya sumaku za kudumu hugeuza mzunguko ukibadilisha chanya na hasi. Hapa pana mtego uliowanasa watu wazoefu. Feni ya kizimba, hata ikizungushwa kinyume, haivuti hewa kinyume; bado huitupa nje kwa ukingo wake, ila kwa unyonge. Kwa hiyo mtu hufunga mota mpya, husikia upepo kidogo, na kuilaumu mota. Alama ya mshale kwenye feni, au mwinamo wa mapanga, ndiyo mwongozo.

Feni ihamishwe kutoka mota ya zamani bila kuvunja panga hata moja. Vibanio vidogo vya chuma ambavyo huenda ukavikuta kwenye ukingo wake visiondolewe; viliwekwa kiwandani ili kusawazisha uzito. Osha tope lote, kausha, na uondoe majani katika njia ya hewa. Fyuzi iwe ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake. Mwisho pima mkondo tena, uandike namba hiyo kwa kalamu isiyofutika juu ya kopo, ili fundi atakayekuja baada ya miaka mitano apate cha kulinganisha nacho.

MOTA YA ZAMANI DARASANI

Mwalimu asiiache mota iliyoondolewa itupwe. Tia tone la mafuta katika bushi, unganisha nyuzi zake mbili na mita ya volti, na mwanafunzi auzungushe mhimili kwa nguvu kwa vidole. Mita itaonyesha sehemu ya volti: hiyo ndiyo volteji pinzani, imeonekana bila betri. Akiuzungusha kinyume, alama ya mita itageuka. Kisha ondoa mita, gusanisha zile nyuzi mbili, na umwambie azungushe tena. Mhimili uliokuwa mwepesi utakuwa mzito mkononi mwake kana kwamba umetiwa asali. Aachanishe nyuzi, na uzito utaondoka papo hapo. Mwulize darasani uzito huo umetoka wapi, na umpe muda wa kujibu.